Mzigo wa Betri

Kitu cha kwanza nilichokijua kuhusu pikapu ni uzito wa betri yake. Tulikuwa tunaishi Morogoro na baba alikuwa na Datsun 1200. Mwaka 2006, ule mwaka wa mgao wa umeme ambao kila aliyekuwa Tanzania anaukumbuka, kazi yangu ya jioni ilikuwa kuifungua betri ya Datsun na kuiingiza sebuleni. Sababu ya kwanza ilikuwa wezi. Sababu ya pili ilikuwa TV yetu ya chogo, inchi kumi na nne, ambayo ilikubali kuwaka kwa betri ya gari. Betri yenyewe ilikuwa N50, haifiki kilo ishirini, lakini kwa kijana aliyekonda kama mimi ilikuwa mzigo wa kutosha. Suruali yangu ya shule ilikuwa na matundu madogo pajani, kazi ya asidi, na mama alikuwa ameshachoka kuuliza.

Usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, Zidane alipompiga Materazzi kichwa, nusu ya mtaa ilikuwa sebuleni kwetu. Mechi ikaenda dakika za nyongeza, ikaenda penalti. Asubuhi yake gari halikuwaka. Tulilisukuma mpaka kwenye lami, baba kwenye usukani, mimi na majirani wale wale nyuma, na hakuna aliyelalamika. Mechi walikuwa wameiona.

Najua wasomaji wa hapa mmezoea kunikuta nikizungumza riwaya. Leo mnivumilie kidogo. Majuzi nilisoma kwamba pikapu moja ya umeme ya Marekani, GMC Hummer EV, ina betri yenye uzito wa zaidi ya kilo 1,300. Nikarudia kusoma, nikidhani macho yamenidanganya. Hiyo ni Corolla nzima imelala chini ya gari lingine! Pikapu yote kwa jumla inapita tani nne. Chombo kilichobuniwa kubeba mizigo ya watu kimefika mahali ambapo mzigo wake mkubwa ni chenyewe.

Nikataka kujua tumefikaje hapa. Nilichokikuta ni hadithi ya zaidi ya miaka mia moja, ambayo ndani yake wanakemia wanahangaika kuipunguzia betri uzito, na kila wakifanikiwa, watengenezaji na wanunuzi wanaitumia nafuu hiyo kupata gari kubwa zaidi. Tena ule uzito uliopunguzwa haupotei hivi hivi. Mara nyingi kuna mtu mwingine anakabidhiwa.

Tuanze na ile N50 ya baba. Ni mjukuu wa kitu alichokitengeneza Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859: vibati vya risasi ndani ya asidi. Kimsingi kemia yake haijabadilika mpaka leo. Ubaya wake unajulikana hata na mtoto wa pwani, kwa sababu risasi ndiyo wavuvi wanayotengenezea chubwi. Ni nzito. Hata hivyo betri hiyo ilitosha kabisa kuanzisha biashara ya magari. Kati ya magari yaliyotengenezwa Marekani mwaka 1900, zaidi ya theluthi moja yalikuwa ya umeme. Gari la petroli la wakati ule lilipiga kelele, lilitoa moshi, na liliwashwa kwa kuzungusha hendeli ambayo ikikurudi inakuvunja mkono.

Thomas Edison aliamini betri ya risasi ni kosa tu la kihistoria linalosubiri mtu wa kulirekebisha. Mwaka 1901 alianzisha kampuni ya kutengeneza betri ya nikeli na chuma. Aliitangaza kwa mbwembwe, akaanza kuiuza, na mambo yakamharibikia. Mikebe ilivuja na nguvu ilipungua kabla ya wakati. Edison akasimamisha uzalishaji, akarudi maabara, na akatoka na betri iliyo imara kweli kweli mwaka 1909. Kwa bahati mbaya, mwaka mmoja kabla yake Henry Ford alikuwa ameshaanza kuuza Model T.

Sehemu ninayoipenda zaidi ya enzi hizo haimhusu Edison. Inahusu malori ya kusambaza mizigo mjini. Huko Hartford, jimbo la Connecticut, kampuni ya umeme ilianza mwaka 1910 kumruhusu mteja anunue lori bila betri. Betri ilibaki mali ya kampuni. Ukiishiwa chaji unakwenda kituoni, inatolewa iliyokwisha, inawekwa iliyojaa, na wewe unalipia umbali uliotembea. Utaratibu huo ulidumu hadi 1924 na magari yake yalitembea zaidi ya maili milioni sita. Hakuna aliyeidai betri imfikishe mkoa mwingine bila kusimama. Ilipewa kazi inayoiweza, ya kuzunguka mji ule ule na kurudi jioni, na iliifanya vizuri. Waingereza nao walifanya vivyo hivyo kwa miongo mingi na vigari vyao vya kugawa maziwa alfajiri: betri ya risasi, mwendo wa pole, kelele hakuna, na watoto hawaamki.

Sasa hapa pana kichekesho. Mwaka 1912 Cadillac ilitoka na mota ya kuwashia injini, kazi ya mhandisi Charles Kettering. Hendeli ikaanza kuondoka, na kikwazo kikubwa cha gari la petroli kikaondoka nayo. Mota hiyo ilihitaji umeme, na umeme ulitoka kwenye betri ndogo ya risasi. Kwa maneno mengine, betri ndiyo iliyosaidia kuliua gari la betri. Ile N50 niliyokuwa nikiibeba jioni ilikuwa mtoto wa usaliti huo.

Betri ya Edison haikufa. Ilipata kazi kwenye reli na kwenye mitambo ya viwandani, na pia kwenye taa za kofia za wachimba madini. Wazo hilo la mchimbaji shimoni na betri yake ya nikeli mliweke mahali. Tutalirudia.

Tuvuke miaka themanini. Mwaka 1990 jimbo la California, likiwa limechoshwa na hewa chafu, liliwaagiza watengenezaji wakubwa kwamba kufikia 1998 asilimia 2 ya magari watakayouza humo yawe hayatoi moshi kabisa. Kampuni zilinung'unika, agizo likalegezwa mwaka 1996, lakini magari machache yalitengenezwa. Mengi tumeyasikia kwa sababu ya EV1, kile kigari cha General Motors kilichofanana na tone la maji. Wachache wanakumbuka kwamba kulikuwa na pikapu pia.

Chevrolet S-10 Electric ilitoka mwaka 1997 ikiwa na mashine ya EV1 na betri za risasi zilizopangwa chini ya bodi. Umeme wote uliomo ulikuwa kama uniti 16, na ninaposema uniti nina maana zile zile tunazonunua kwa LUKU. Kwa chaji moja haikufika kilomita 100. Mwaka uliofuata wakaweka betri ya nikeli na haidraidi, iliyotokana na kazi ya Stanford Ovshinsky, mgunduzi ambaye hakuwahi kukanyaga chuo kikuu kama mwanafunzi. Uniti zikawa karibu mara mbili. Zilitengenezwa S-10 za umeme 492 tu. Ford nao wakatoa Ranger EV, kama 1,500 hivi kati ya 1998 na 2002, na wao pia walihama kutoka risasi kwenda nikeli njiani.

Nyingi za pikapu hizo hazikuuzwa, zilikodishwa. Kwa hiyo sheria ilipozidi kulegea na mikataba kuisha, kampuni zilizidai zirudi, na nyingi zikaishia kwenye mashine ya kusaga vyuma. Watumiaji waliomba kuzinunua. Mwanzoni mwa 2005, madereva wawili wa Ranger walikesha siku kadhaa nje ya duka la magari huko Sacramento kuzuia pikapu zao zisichukuliwe. Ford wakakubali kuwauzia, na baada ya hapo wengine kadhaa wakapata nafasi hiyo. Filamu ya Chris Paine ya mwaka 2006, Who Killed the Electric Car?, ilisimulia zaidi habari ya EV1, lakini hasira yake ni ile ile ya watu wa Sacramento.

Nimewafikiria sana watu wale. Pikapu yao ilikuwa na mwendo mfupi, na kwa vigezo vya leo betri yake inachekesha. Walikuwa wanaipigania kwa sababu ilitosha shughuli zao. Neno hilo, kutosha, linakaribia kupotea kabisa katika sehemu inayofuata. Na kama kuna anayetaka kujua betri ya Ovshinsky iliishia wapi: General Motors waliuza hisa zao katika kampuni yake kwa Texaco, kampuni ya mafuta, iliyoungana na Chevron mwaka 2001. Mjue mlivyo.

Hata betri ya lithiamu, ambayo leo iko mfukoni mwako, ilianzia kwa wauza mafuta. Stanley Whittingham aliifanyia kazi ya mwanzo akiwa Exxon miaka ya 1970, wakati bei ya mafuta imewatisha watu. Mafuta yaliposhuka bei, Exxon wakaachana nayo. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake wa Oxford waligundua kwamba upande mmoja wa betri ukitengenezwa kwa oksidi ya kobalti, nguvu inapanda sana. Akira Yoshino wa Japani aliifanya iwe salama kutumika mwaka 1985, na Sony wakaiingiza sokoni 1991 kwa ajili ya kamera. Watatu hao walipata Nobel mwaka 2019. Goodenough alikuwa na miaka 97, mshindi mzee kuliko wote katika historia ya tuzo hiyo.

Hapo ndipo pikapu ilipofufuka. Rivian R1T ilifika kwa wateja Septemba 2021. Hummer ya umeme ikafuata Desemba. Ford F-150 Lightning ilianza kutoka kiwandani Aprili 2022, na Cybertruck ya Tesla mwishoni mwa 2023. Lightning yenye betri kubwa ina uniti 131, mara nane ya ile S-10 ya kwanza, na inatembea zaidi ya kilomita 500. Ni maendeleo makubwa, na sitaki kujifanya siyaoni.

Lakini angalieni hesabu ilivyokwenda. Lithiamu inabeba umeme mwingi mara kadhaa kuliko risasi kwa kila kilo. Mtu angetegemea pikapu ya 2022 iwe na betri nyepesi kuliko ya 1997. Betri ya Lightning inapita kilo 800! Mnunuzi alitaka gari la umeme lifanye kila linalofanywa na tangi la petroli, pamoja na kuvuta tela la boti milimani mara moja kwa mwaka. Na linapovuta tela zito, umbali unaweza kupungua kwa karibu nusu. Jibu la viwanda likawa kuongeza betri, betri ikaongeza uzito, uzito ukala umeme, na umeme ukadai betri nyingine. Hummer ndiyo mwisho wa barabara hiyo.

Nilisema uzito hukabidhiwa mtu. Katikati ya 2025 nilikuwa Tunduma kikazi, kuandika habari za foleni ya malori mpakani. Nilikaa kwenye kivuli cha lori moja na dereva wake, mtu wa Lubumbashi, tukinywa chai. Kiswahili chake kilinifurahisha masikio. Nilipomuuliza amebeba nini akacheka: "Ndugu, siye tunabebaka tu. Benyewe njo banajua." Baadaye akaniambia ni shaba, anaipeleka bandari ya Dar es Salaam. Zamani alikuwa akibeba na kobalti, lakini tangu Februari serikali ya Kongo ilikuwa imezuia isitoke nje, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka hadi chini ya theluthi ya ile ya 2022.

Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa inatoka Kolwezi na maeneo ya jirani, kwa watu wanaoamka na kulala kwa Kiswahili. Sehemu nyingine inachimbwa na migodi mikubwa yenye mitambo. Sehemu nyingine inachimbwa kwa mikono. Katika mtaa wa Kasulo, mwaka 2014, ilipojulikana kwamba kobalti iko chini ya nyumba, watu walianza kuchimba ndani ya viwanja vyao wenyewe, na wengine ndani ya nyumba hasa. Mwaka 2016 Amnesty International na shirika la Kikongo la Afrewatch walichapisha ripoti iliyowataja watoto wakifanya kazi hiyo, na kampuni kubwa za simu na magari zikabanwa zieleze kobalti yao inatoka wapi.

Dereva wangu alikuwa na mdogo wake huko, mchimbaji wa mkono. Aliniambia kobalti ikifungwa, mdogo wake anakosa chakula. Ikifunguliwa, yeye ndiye anakosa usingizi, maana mashimo hayana nguzo. Sikuwa na cha kujibu. Tulimaliza chai.

Kwa hiyo niliposoma kwamba wanakemia sasa wameiondoa kobalti kabisa, jambo la kwanza nililohisi ni nafuu. Betri yenyewe inatokana na kazi ya Goodenough yule yule, safari hii akiwa Texas, mwaka 1997: badala ya kobalti, chuma na fosfati. Chuma, kama cha Edison. Ni nzito zaidi kwa umeme ule ule, lakini ni ya bei nafuu, inadumu zaidi, na si rahisi kushika moto. Wachina ndio walioitengeneza kwa wingi wakati Wamarekani wakiidharau. Mwaka 2024 Rivian waliiweka kwenye pikapu zao za daraja la chini, na Agosti 2025 Ford walitangaza pikapu ndogo ya umeme ya kama dola 30,000 itakayoitumia, waliyoahidi kuitoa 2027. Hata betri zinazobaki na nikeli zimeipunguza sana kobalti. Ile ya Lightning, nikeli ndiyo karibu asilimia 90 ya madini ya upande huo.

Nafuu yangu haikudumu, kwa sababu Kolwezi imeshawahi kuachwa. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, na ndiyo iliyoendesha hospitali na shule. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, fedha zilikuwa zimeliwa, na kufikia katikati ya muongo huo uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Wafanyakazi walikaa miezi bila mshahara. Wengi walichukua sururu. Uchimbaji wa mkono tunaousikitikia leo ni mtoto wa kuporomoka kule, si wa magari ya umeme peke yake. Kampuni ya magari ikitangaza kwamba betri yake haina kobalti, inasema kweli, na mteja atalala vizuri. Mdogo wa yule dereva atakuwa bado yuko pale pale, na shimo lake halina mnunuzi.

Wala sisi tusijione tuko mbali. Upande wa pili wa karibu kila betri ya lithiamu, ile ya kobalti na ile ya chuma, ni kinywe, na kinywe kiko kwetu Mahenge. Nikeli iko Kabanga, Ngara. Wanaosaini mikataba hiyo wangefanya vizuri kuisoma historia ya Kolwezi kwanza, hasa sura ya namna dunia inavyobadilisha mawazo.

Desemba 2025 Ford walitangaza kwamba Lightning ya umeme mtupu inasimama. Itakayofuata itakuwa na injini ya petroli ndani kwa ajili ya kuichaji betri. Wako waliosema, unaona, umeme umeshindwa. Mimi naona Lightning ilishindwa mtihani wa kuigiza tangi la petroli. Watu wa Hartford na wauza maziwa wa Uingereza hawakuwahi kuufanya mtihani huo, na betri zao za risasi ziliwatumikia miaka na miaka.

Wiki iliyopita nilimpigia baba simu. Nilimweleza kwamba pikapu ya Ford, ikiwa imeegeshwa, inaweza kuwasha nyumba nzima, na kampuni yenyewe inadai kwa nyumba ya Kimarekani inafika siku tatu. Nilimpigia hesabu: betri yake ni sawa na N50 zetu zaidi ya mia mbili. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza swali ambalo ni dereva wa Datsun tu angeliuliza.

"Na likizimika, linasukumwa na watu wangapi?"

Nikamwambia sijui idadi, ila ni wengi, na wengi wao mechi hawakuiona.